Kusita Kabla ya Nota ya Chini

Msichana aliyekuja kufundishwa piano aliposita kabla ya ile nota nzito ya chini, kidole chake kidogo kikiwa kimeinuka kana kwamba kimeungua, Wahu aliacha kuandika maoni yake.

Sonata aliyokuwa akiicheza haikuandikwa hivyo. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akisita pale: binti yake, waliyemzika hapa Kitale mwaka jana.

"Nani alikufundisha kusita hapo?"

"Ni madam mwenye alikuwa anatufunza kanisani kwetu Bungoma. Yule wa ajali. Kwani nimekosea?"

Wahu aliitazama mikono ile ngeni. Kwa miaka kumi alimkaripia bintiye kwa kosa hilo hilo, na bintiye hakuliacha. Mtihani wa msichana ungekuwa Jumamosi.

"Mkono wako wa kushoto una nguvu, nimeupenda," alisema polepole. "Lakini hapo usisite. Watakukata alama. Pita moja kwa moja."

Msichana akarudia. Alipita bila kusita, na nota ikalia mahali pake, kama ilivyoandikwa.

"Hivyo ndivyo," Wahu alisema, akishika ukingo wa piano. "Sasa nichezee tena vile madam wako alikufunza. Mara moja tu."