Bakuli la Mjukuu

Bibi alimkuta mke wa mwanawe akimwaga viazi vya mtoto kwenye ndoo ya taka, mikono yake bado ina povu la sabuni ya kufulia. Ni vile vile ambavyo Bibi alivimenya na kuvipondaponda mwenyewe kwa vidole, taratibu, maana macho yalishamchosha na mkono ndio uliomwambia kama kuna donge.

"Vimeharibika?"

"Hapana, mama." Mkwe aliinamisha kichwa, akafungua bomba na kuanza kusugua bakuli.

Haikuwa mara ya kwanza. Bibi aliumia, ila zaidi aliogopa. Mama gani anamnyima mtoto wake chakula? Na mtoto mwenyewe alikuwa akianguka siku hizi: jicho linaenda upande, mkono unatetemeka, kisha mwili mzima. Mwanawe alisema ni homa tu. Bibi alimwekea mkwe jicho. Mkwe akitoka tu, alimwita mjukuu jikoni na kumlisha kwa siri, tonge moja la mtoto, mawili yake.

"Mama, unakula kama una wageni tumboni," mwanawe alimtania, "na mwili wenyewe hauongezeki."

Kisha mtoto akaanguka na hakuzinduka upesi. Wakakimbilia hospitali wote.

Daktari aliinua picha ya kichwa cha mtoto kwenye mwanga. Ilikuwa na vidoa.

"Hivi ni vifuko vya mnyoo, tegu. Vimejikita kwenye ubongo."

"Nikanunue dawa ya minyoo?" baba aliuliza.

"Usithubutu. Vikifa kwa pamoja, ubongo utavimba. Tutaanza na dawa ya degedege na ya kuzuia uvimbe, akiwa hapahapa tunamwona." Daktari aliishusha picha. "Lakini hata akipona, ataugua tena tusipojua mayai yanatoka wapi. Kuna mtu karibu yake ana tegu tumboni na hajui. Vipande vyeupe bapa humtoka akienda choo, vingine hubaki kwenye nguo. Mayai hupita mikononi mpaka kwenye chakula. Nani humwandalia mtoto chakula?"

Bibi alisimama. Alilokuwa amelimeza siku zote likatoka.

"Muulize huyu. Anajua kitu. Kila nikimtengenezea mtoto chakula anakimwaga, ukimuuliza anainama. Leo aseme mbele yako anaficha nini."

Mume alimgeukia mkewe. "Sema basi."

Mkwe alikuwa analia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimtazama bibi usoni.

"Nisamehe, mama. Nilishindwa kukwambia," alisema. "Nguo zako nazifua mimi."