Leo Haturuki

Rubani alikuwa amepiga magoti ndani ya ndege ya kampuni, akisugua doa la kahawa kwenye zulia, simu ilipoita. Kufagia, kuosha vikombe na kumbembeleza mbwa wa mke wa bosi vilikuwa sehemu ya kazi, naye alishazoea.

Aliyepiga, mtu wa hali ya hewa, hakuzungusha maneno: radi njia nzima mpaka jioni.

Akashuka ngazi, mikono ikinuka sabuni. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa anakuja mbiombio na mkoba wake. Huko aendako alisubiriwa kutia saini mkataba mkubwa. Rubani wa kabla yake alikataa kuruka siku kama hii, akapoteza kazi palepale. Na huyu wa sasa alikuwa mama wa watoto watatu.

"Mzee, leo haturuki," alisema. "Kuna radi, na siwezi kukudanganya."

Mwenyekiti aliweka mkoba chini. Kisha vidole vyake vikaanza kuhangaika na tai, hadi fundo likamshinda kufungua. Akaketi kwenye ngazi ya chini, na suti yake ya bei mbaya.

"Una uhakika, kapteni?"

"Kabisa."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Tangu jana sijatia kitu tumboni. Miaka tisa napanda hii ndege kwa woga, hakuna anayejua. Yule mwenzako alinikatalia mbele ya wageni, nikaona haya kushukuru, nikamfukuza."

Rubani aliifuta mikono yake kwenye suruali. Akaketi kando yake bila kukaribishwa, akamsaidia kufungua lile fundo.