Kingamwili za Nyamizi

Nyamizi alipopona homa ya mapafu, kinga iliyobaki katika damu yake ikawa mali ya Maabara Kuu. Ndiyo iliyokuwa sheria kwa kila aliyepona. Kila Ijumaa muuguzi, Bi Sikudhani, alikuja nyumbani kwake Tabora na kuipitisha damu hiyo kwenye mrija uliojaa bakteria waliokufa wa homa hiyo. Hawakuambukiza tena, lakini walinasa kingamwili kama kishonanguo kinavyong'ang'ania kanga. Damu ilirudi mwilini, na kingamwili zikaenda kwa watafiti.

Kisha binti yake mchanga, Milembe, akashikwa na homa ileile.

"Nirudishieni zangu nimpe mwanangu!" Nyamizi alimwambia muuguzi.

"Zikishanaswa ni za utafiti, dada."

"Utafiti gani huo? Homa niliyoishinda mimi inamuunguza mwanangu, nanyi mmeniachia maziwa yasiyomkinga! Hamwoni haya?"

Bi Sikudhani aliinamisha macho, akaondoka.

Nyamizi alimkanda mtoto kwa maji, akamnyonyesha huku akilia kwa hasira. Milembe alipona kwa taabu. Muuguzi aliporudi, Nyamizi alimzuia mlangoni, mtoto mgongoni.

"Leo hupati hata tone langu."

Bi Sikudhani aliweka mkoba chini. Alimtazama Milembe.

"Kumbe amepona?"

"Amepona mwenyewe, bila msaada wenu!"

Muuguzi akashusha pumzi, akafungua mkoba, akatoa mrija mwingine, mwembamba, wa kuutosha mkono wa mtoto.