Udongo Ndani ya Friza

Mfuko ulikuwa umevimba juu ya meza ya jikoni, na ndani yake niliona mizizi myembamba kama nywele. Ukwaju hauna mizizi.

Asubuhi niliutoa kwenye friza nipate pa kuweka nyama ya Idi. Katika nyumba yetu bonge jeusi lililoganda ni ukwaju wa Unguja. Nikauacha uyeyuke, tupate sharubati.

Kumbe ni udongo wa binti yangu, Maram. Jana alipotoka uwanja wa ndege aliniambia kauweka humo. Niliitikia huku nazungumza na mchinjaji kwenye simu.

Kautoa kaskazini ya mbali, ambako ardhi imeganda miaka yote. Leo alikuwa aupeleke maabara, aupashe joto na kuukausha kidogo kidogo, apime gesi inayotoka. Shahada yake yote imo humo. Safari nyingine hatapewa.

Niliubonyeza. Viputo vikapanda kwenye plastiki. Gesi ilikuwa inatoka jikoni kwangu, mtaani kwetu Al Khoudh, bila ya mtu kuipima.

Nikachomoa pini ya mtandio wangu. Kitundu kimoja tu, upepo utoke, kisha niurudishe ugande. Nani angejua?

"Mama!" Maram aliita kutoka chumbani, sauti imejaa usingizi. "Udongo wangu hujaupikia mchuzi?" Akacheka peke yake.

Angepima kilichobaki, na angeandika uongo bila ya kujua.

Ncha ya pini ilikuwa imeshagusa plastiki.

"Njoo jikoni, mwanangu," nikasema. "Njoo sasa hivi."