Salamu za Mzee Faki

"Andika, shangazi yako Time anakusalimu sana," alisema Bi Mwanakombo.

Makame, aliyekuwa akiwaandikia watu barua kwenye baraza ya posta, aliandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa, wa pili ulikaribia, na zote zilikuwa salamu tupu: za majirani, za mkunga, hata za fundi cherehani.

"Mama, karatasi inakwisha. Hebu sema neno lenyewe."

"Usinikimbize. Watu wote hao wamenituma."

"Hii ni barua ya nne! Kila mara unaniambia leo ndiyo leo, utamwambia mwanao. Kisha salamu zinajaa, unalamba bahasha, unaondoka."

"Andika. Baba yako hajambo, anakusalimu."

Makame aliitupa kalamu mezani. "Hilo siandiki tena! Mzee Faki tulimzika, Bi Mwanakombo. Mimi mwenyewe niliteremka kaburini kumpokea. Mwezi wa nne huu ninaandika kwamba maiti hajambo!"

"Khatibu yuko peke yake huko ugenini," alisema Bi Mwanakombo polepole. "Akiisoma hiyo, atakuwa na nani?"

Makame akachukua karatasi mpya, akaokota kalamu, akaandika: Mwanangu Khatibu. Kisha akangoja.

Bi Mwanakombo aliinama, akaweka kidole palepale jina lilipoishia, mahali neno lenyewe lilipopaswa kuanza, wino ukiwa bado mbichi, na hakukiondoa.