Kaburi Kwenye Mibuni

"Huyu ni kibarua wetu," Gaudiosa aliwaambia wageni wa ufadhili. Walikuwa wakilipia masomo ya uzamili kwa yatima tu, na walikuja Mbuji kuhakikisha kwamba baba yake amekufa.

Baba yake ni mimi.

Aliwaonyesha kaburi la mdogo wangu kati ya mibuni, ambalo msalaba wake ulishaoza.

"Shikamoo, mzee," mgeni mmoja alisema. "Marehemu ulimfahamu?"

Binti yangu alinikazia macho. Udongo wa ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, ulikuwa ukikauka vidoleni mwangu.

"Marahaba. Tulikua pamoja."

"Basi tuongoze, tumwombee."

Nilivua kofia. Nilimsihi Mungu ampokee Isidori, nikalitamka jina langu taratibu, nikimsubiri binti yangu anizuie.

Gaudiosa aliitikia "Amina" kabla sijamaliza.