Shimo la Mbele ya Kiwanda cha Pamba

Ngwali alikuwa amemwahidi mkewe gari litakalopita mashimoni kama kitanda, na sasa ahadi ilikuwa imetimia. Fundi aling'oa springi za mbele za lori, zile za vyuma bapa vilivyopangana, akafunga za koili zilizojiviringa na shokapu mpya za kumeza mitikisiko. Yote hayo kwa ajili ya mgongo wa mkewe Sikudhani, uliokuwa ukimuuma.

Alasiri hiyo wakatoka wawili kulijaribu. Lori kuukuu likapita mtaani kama linatembea usingizini. Kikombe cha chai juu ya dashibodi hakikumwaga hata tone. Sikudhani aliegemea kiti, mikono mapajani, akitazama mapaa ya mabati yakipita.

"Mgongo unasemaje?" Ngwali aliuliza.

"Umenyamaza kabisa, mume wangu. Mungu akubariki."

Mbele ya kiwanda cha pamba kulikuwa na shimo kubwa. Miaka yote, lori lilipodunda hapo, Sikudhani aliukamata mkono wa mumewe kwa nguvu, kisha wakacheka. Ngwali akaulegeza mkono wake wa kushoto, akangoja. Gurudumu likazama, likainuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mkono wa Sikudhani haukuja.

Walipofika njia panda, Ngwali akageuza lori.

"Umesahau kitu?"

"Eh," akajibu, macho barabarani.

Wakalirudia shimo polepole. Lori likazama, likainuka. Mkono wa Sikudhani ukanyanyuka kutoka mapajani, ukabaki hewani ukingoja mdundo usiokuja, baina ya kikombe cha chai na bega la mumewe.